Gereza si wodi

Tarehe 13 Agosti 2010, wagonjwa wa kifua kikuu walikamatwa Nandi na kufikishwa mbele ya hakimu wa Kapsabet. Kosa lao lilikuwa kuacha dawa kabla ya kumaliza matibabu. Afisa wa afya ya umma aliomba wazuiliwe, hakimu akakubali, na amri ikaandikwa: miezi minane, au hadi wamalize matibabu, katika Gereza la Kapsabet. Mtu anayekohoa ugonjwa wa hewa akapelekwa ndani ya kuta zile zile wanamolala wafungwa na kufanyia kazi askari jela.

Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, Katiba mpya ilizinduliwa Uhuru Park kwa mizinga na shangwe. Ibara ya 29 ikampa kila mtu kinga ya kutonyimwa uhuru wake kiholela. Ibara ya 43 ikampa haki ya huduma bora ya afya kadiri inavyowezekana kufikiwa. Wagonjwa wa Kapsabet walikuwa wangali ndani. Zilipita siku 46 tangu wafungwe kabla ya Mahakama Kuu kuamuru watolewe wakamalizie dawa nyumbani.

Wawili kati yao, wakishirikiana na shirika la KELIN linalotetea haki katika masuala ya afya, hawakuliacha jambo hilo lipoe. Tarehe 24 Machi 2016, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya kifua kikuu, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kuwafunga jela kulikiuka haki zao, na kwamba kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma hakimpi mtu yeyote mamlaka ya kumtia mgonjwa gerezani. Aliiagiza Wizara ya Afya, kwa kushauriana na kaunti, iandae ndani ya siku 90 sera ya kuwatenga wagonjwa kwa lazima inayoafikiana na Katiba. Sera ya kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu ilitoka mwaka 2018. Siku tisini za serikali yetu, inaonekana, huhesabiwa kwa kalenda nyingine.

Gazeti hili halina kigugumizi juu ya jambo lenyewe. Dola ina mamlaka ya kumtenga mgonjwa anayeambukiza, hata akikataa, na kuna siku ambapo kutoyatumia mamlaka hayo ni kuwasaliti majirani zake. Lakini mamlaka hayo yana mahali pa kutumika, na mahali hapo ni hospitali. Yana gharama, na gharama hiyo ni ya serikali. Yana kikomo, na kikomo hicho huonekana kwenye vipimo vya maabara, si katika hasira ya afisa aliyechoka kumfuata mgonjwa. Amri isiyotimiza hayo ni kifungo cha jela kilichopigwa muhuri wa afya.

Tuuseme kwanza ukweli ambao watetezi wengi wa haki huupitia haraka. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa ndani ya matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, abiria wenzake hawakuombwa ridhaa. Na pale dawa zinapoachwa njiani, viini vilivyobaki hujifunza kuzishinda. Huko Tugela Ferry, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, madaktari waliripoti mwaka 2006 wagonjwa 53 wenye kifua kikuu kilichokuwa sugu kwa karibu kila dawa iliyokuwapo. Waliofariki walikuwa 52. Nusu yao walifariki ndani ya siku kama 16 tangu makohozi yao yachukuliwe, yaani wengi walizikwa kabla majibu ya maabara hayajarudi. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa afya. Anayedhani kwamba uhuru wa mtu mmoja kutembea unashinda daima uhai wa muuguzi anayemhudumia, na asome habari za Tugela Ferry.

Kwa hiyo sheria inahitajika. Swali ni kama ile tuliyo nayo inatumiwa inavyosema, maana wengi wanaoinukuu hawajaisoma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921, enzi za ukoloni, miaka zaidi ya ishirini kabla ya kugunduliwa kwa dawa ya kwanza ya kuponya kifua kikuu. Hata hivyo kifungu chake cha 27 kina adabu kuliko watumiaji wake wa leo. Kinamzungumzia mtu aliyekuwa karibu na maambukizi, ambaye huenda ugonjwa unaatamia ndani yake, na ambaye anakoishi hakuna namna ya kuwakinga wengine. Mtu huyo anaweza kuhamishwa kwa amri ya hakimu, baada ya afisa wa tiba kutia sahihi cheti, apelekwe mahali pa kutengea wagonjwa. Atakaa huko hadi asiwe na maambukizi, au hadi aweze kutoka bila kuhatarisha umma, au hadi hakimu aifute amri. Na gharama, kifungu kinasema waziwazi, ni juu ya mamlaka ya eneo alikopatikana.

Yapime hayo na yaliyotokea Kapsabet. Kifungu kinataka mahali pa kutengea, walipelekwa jela. Kifungu kinamtoa mtu pindi hatari inapokwisha. Wao walipewa miezi minane, ambayo ni urefu wa matibabu, si urefu wa hatari. Hapa ndipo mahakimu wengi hupotea, na maafisa wa afya, ambao hawana udhuru wa kutojua, huwaacha wapotee. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida anayemeza dawa sawasawa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache tu, mara nyingi mbili. Miezi inayofuata ni ya kuving'oa viini vilivyojificha ili ugonjwa usirudi. Ni miezi ya lazima kitabibu, lakini katika miezi hiyo mtu anaweza kulala kwake, kuchuma chai, kwenda msikitini au kanisani, na kumbeba mwanawe. Kumfungia miezi minane mtu ambaye anaweza kuwa salama kwa wiki mbili ni adhabu, na adhabu huhitaji kosa la jinai, mashtaka na utetezi.

Isitoshe, mahali penyewe palichaguliwa kinyume cha akili. Jela zetu zina msongamano. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba kifua kikuu hukithiri magerezani mara nyingi zaidi kuliko uraiani, kwa sababu ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzitaja: watu wengi, hewa kidogo, chakula duni, daktari kwa nadra. Kumpeleka huko mgonjwa kwa jina la kuulinda umma ni kusahau kwamba wafungwa nao ni umma, na kwamba wengi wao siku moja watarudi nyumbani.

Sasa tuulize swali ambalo halikupewa uzito pale kortini: kwa nini mtu huacha dawa zinazomponya?

Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka vijijini atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Vidonge humezwa asubuhi, mara nyingi tumboni hamna kitu, na kichefuchefu kinafuata. Mkojo hubadilika ukawa na rangi ya machungwa, na katika ploti yenye choo kimoja cha wapangaji wote, majirani huanza kunong'ona. Baada ya miezi miwili kikohozi kinakoma, mwili unanenepa, na kibarua wa majani chai anajiona mzima. Zahanati hufunguliwa saa ambayo yeye anatakiwa kuwa shambani, kwa maana asipofikisha kilo zake kwenye mizani, siku hiyo hana malipo. Miaka ile wenye kifua kikuu sugu walikuwa na zaidi ya hayo: matibabu ya miezi 18 hadi 24, na sindano za kila siku kwa miezi kadhaa ambazo ziliwaacha baadhi yao viziwi. Anayeshangaa kwamba watu walizikimbia sindano hizo hajawahi kufikiria kuchagua kati ya masikio yake na mapafu yake.

Siku hizi tiba imepungua ukali. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wengi wa wagonjwa hao tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita. Hiyo ina maana kwamba sababu ya kutumia nguvu imepungua pia, na afisa anayekimbilia kwa hakimu mwaka huu ana maelezo mengi zaidi ya kutoa kuliko mwenzake wa 2010.

Ibara ya 24 ya Katiba inasema haki inaweza kupunguzwa tu kwa kiasi kinachofaa, na baada ya kutazama kama hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Katika suala hili njia hiyo haihitaji kubuniwa. Ilibuniwa Wajir.

Mwaka 1976, Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria na kuja Kenya kufundisha, mradi wa majaribio wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama. Tatizo lilionekana halina jawabu. Wakati huo matibabu yalikwenda mwaka mzima na zaidi, na mfugaji wa ngamia hakai mahali pamoja kungoja karani wa zahanati. Mvua ikinyesha upande ule, anahama. Kwa mtazamo wa afisa wa Kapsabet, hao wote ni wakaidi wanaostahili pingu. Wajir wakafanya jambo jingine. Karibu na hospitali kulitengwa uwanja, na wagonjwa wakajengewa makao ya namna ile ile wanayoishi nyikani, vibanda vya fito na mikeka. Mgonjwa alikuja kwa hiari, akakubaliana na wahudumu kwamba atakaa hadi amalize, akameza dawa kila siku mbele ya macho ya mhudumu. Matibabu yakafupishwa yakawa ya miezi michache. Watu wakayaita makao hayo manyatta za TB, na mpango wa taifa wa kifua kikuu ukazieneza katika maeneo mengine ya wafugaji.

Ni vyema kulitazama jambo hilo kwa karibu, kwa kuwa ndilo lililokosekana Kapsabet. Wagonjwa wa Wajir pia walitengwa. Walikaa mbali na kambi zao kwa miezi, chini ya usimamizi, na kila kidonge kilihesabiwa. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa aliulizwa, alikaa kwenye nyumba anayoitambua kuwa nyumba, na alijua siku ya kutoka. Hapakuwa na mlango wa chuma, na bado walikaa. Mfumo wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, ambao dunia iliukumbatia rasmi miaka ya 1990, ulikuwa tayari una umri mkubwa huko Wajir. (Tonelli mwenyewe alifukuzwa nchini baada ya kusema hadharani kuhusu mauaji ya Wagalla ya 1984, na aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Nchi hii ina desturi ya kuwatoa nje watu wanaoifundisha jambo.)

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba neno hospitali likiandikwa mahali pa neno gereza mambo yamekwisha. Afrika Kusini, baada ya hofu ya Tugela Ferry, iliwazuilia wenye kifua kikuu sugu hospitalini kwa miezi na hata miaka. Katika hospitali ya Jose Pearson, mjini Port Elizabeth, waliwekewa uzio wa nyaya zenye wembe na walinzi mlangoni. Desemba 2007 kundi la wagonjwa lilikata uzio huo likaenda nyumbani kula Krismasi. Wengi walikuwa wazazi waliokuwa hawajawaona watoto wao kwa muda mrefu. Polisi wakatumwa kuwarudisha. Wodi yenye wembe ukutani, isiyo na tarehe ya kutoka wala mtu wa kumweleza mgonjwa mkewe anakula nini, ni jela yenye harufu ya dawa.

Kama kuna wanaotaka ushahidi wa kile ambacho nguvu huzaa, waitazame Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, zaidi ya watu 2,200 walifariki, wengi wao wasemaji wa lugha hii tunayoandikia. Ebola si kifua kikuu: hapo kumtenga mgonjwa ni jambo la saa. Mashariki mwa Kongo pana vita, pana siasa, pana kutoaminiana kwa miaka mingi. Hatusemi kwamba karantini peke yake ilileta ghasia. Lakini watu waliona wapendwa wao wakichukuliwa na magari yenye wanajeshi pembeni, wakaingizwa nyuma ya mahema, wakatoka ndani ya mifuko. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya wiki moja. Aprili, Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Wakati huo wote kulikuwa na wagonjwa waliofichwa vyumbani na waliofia majumbani, wakiwaambukiza waliowaosha na kuwazika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Hawakutuambia la kufanya pale serikali yenyewe inapowafunza watu kuficha.

Katika jinamizi hilo hilo kulikuwa na fundisho. Mjini Beni, shirika la ALIMA lilileta vyumba vya kutengea vyenye kuta za plastiki angavu. Mama aliweza kukaa upande wa pili, akamwona mwanawe, akaongea naye, akaona muuguzi akimbadilishia dripu. Waliopona Ebola walipewa kazi ya kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini. Ukuta ule ulizuia virusi, haukuzuia macho. Kaunti ngapi hapa kwetu zimefikiria hata kuweka dirisha la kioo katika wodi ya kutengea?

Nasi hatukuhitaji kungoja Ebola kujua tabia zetu. Machi 2020, korona ilipofika, serikali iliwaweka karantini kwa lazima waliotua kutoka nje ya nchi. Wengine walipelekwa hotelini, wengine katika mabweni ya vyuo vya umma. Kisha wakapewa bili. Watu waliomaliza siku zao na kupimwa wakaonekana hawana virusi walizuiliwa kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipia kitanda ambacho hawakukiomba. Polisi nao wakaongeza lao: waliokamatwa wakivunja kafyu wakaanza kutupwa karantini, kana kwamba ni seli ya ziada. Mtu mzima kiafya aliyechelewa kufika nyumbani alilazwa jengo moja na watu wanaoshukiwa kuwa na virusi. Mei 6, Waziri Mutahi Kagwe alitangaza kwamba serikali ingebeba gharama za waliotengwa katika vituo vya umma. Ulikuwa uamuzi sahihi uliochelewa majuma sita, na haukupaswa kuwa hisani ya waziri. Kama sheria ya mkoloni ya 1921 ilijua kwamba anayemtenga mtu ndiye anayelipa, serikali ya Katiba ya 2010 ilipata wapi ujasiri wa kutoa bili?

Uharibifu wa namna hiyo haukomi siku karantini inapofunguliwa. Watu waliruka ukuta kutoka mabwenini, picha zikasambaa, taifa likawacheka na kuwalaani. Waliojifunza zaidi ni wale waliokuwa nyumbani na homa na kikohozi, wakaamua kwamba kupimwa ni kujitafutia bili na kitanda cha bwenini. Mwaka huo, ugonjwa ulipata msaidizi, na msaidizi huyo alikuwa na sare za serikali.

Majirani zetu hawajafanya miujiza, lakini kuna cha kuiga. Tanzania ina Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu na ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa mahali pekee nchini humo pa kuwatibu wenye kifua kikuu sugu. Baadaye tiba hiyo ikasogezwa mikoani, karibu na nyumbani kwa mgonjwa. Mlipuko wa virusi vya Marburg ulipoikumba Kagera mwaka 2023, watu sita kati ya tisa waliothibitishwa na kushukiwa kuugua walifariki, na ugonjwa ukatangazwa kuisha Juni 2 mwaka huo huo, ukiwa haujavuka mpaka. Kuna kejeli nyingine kule Zanzibar ambayo mtalii yeyote huonyeshwa: katika kisiwa cha Changuu lilijengwa gereza miaka ya 1890, likaishia kuwa karantini ya wagonjwa bila kupokea wafungwa. Wenzetu waligeuza gereza kuwa mahali pa wagonjwa zaidi ya miaka mia moja kabla sisi hatujafanya kinyume chake.

Kaunti zitasema hazina fedha. Afya iligatuliwa mwaka 2013, na tangu hapo tumeona magavana wakikata utepe kwenye lango la hospitali, kwenye gari la wagonjwa, hata kwenye jokofu. Wodi ya kutengea wagonjwa wa kifua kikuu haihitaji marumaru. Inahitaji hewa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, uligundua kwamba wodi za kizamani zenye dari ya juu na madirisha makubwa yanayofunguka zilisafisha hewa vyema kuliko vyumba vya kisasa vilivyotegemea mashine, na kwa gharama ndogo mno. Madirisha pande mbili, vitanda vilivyoachana, veranda ya kuotea jua, choo kinachofanya kazi, chakula cha kutosha, barakoa za kweli kwa wauguzi. Kaunti inayoweza kujenga lango la mawe inaweza kujenga hivyo.

Gharama ambayo watu hawaitaji ni ile ya nyumba ya mgonjwa. Ukimlaza dereva wa bodaboda wiki tatu kwa amri ya korti, pikipiki ya mkopo inachukuliwa na mwenyewe, kodi inalala, watoto wanalala njaa. Ukimpa mkewe unga, mafuta na kodi ya mwezi mmoja, amri ya korti pengine hutaihitaji kabisa. Msaada wa Marekani uliposimamishwa Januari 2025, iliyotikisika kwanza ilikuwa miradi ya nje ya hospitali: kufuatilia wagonjwa nyumbani, kusafirisha sampuli, kuwalipa wahudumu. Hizo ndizo kazi zinazomfanya mgonjwa asifike kwa hakimu. Hazina ya Taifa inayoona ni sawa kazi hizo zilipwe na walipa kodi wa nchi nyingine imeamua, bila kusema, kwamba pingu ni rahisi.

Uamuzi wetu ni huu. Mgonjwa anayeambukiza, aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa, aliyepewa dawa, chakula na mtu wa kumfuatilia, kisha akakataa matibabu na akakataa kujitenga, azuiliwe hospitalini bila kuombwa radhi. Hatuna machozi kwa ukaidi wa namna hiyo. Lakini afisa anayemfikisha kortini aje na majibu ya makohozi ya juzi, si ya mwaka jana. Aje na maelezo ya maandishi ya kila alichojaribu kabla. Na ataje wodi na kitanda anakompeleka. Mgonjwa awe na wakili, na asipomudu, alipiwe na serikali. Amri iwe na tarehe ya kwisha, na irudi mbele ya hakimu kila baada ya wiki mbili pamoja na kipimo kipya. Kipimo kikionyesha hakuna maambukizi, aende nyumbani siku hiyo hiyo, na asidaiwe hata shilingi.

Bunge liifute Sura ya 242 na kuandika sheria ya karne hii, yenye maneno hayo ndani yake, ili haki ya mgonjwa isitegemee kama hakimu wa mji wake aliisoma hukumu ya 2016. Magavana wa kaunti 47 watangaze hadharani ni hospitali gani yao ina wodi ya kutengea na ina vitanda vingapi. Asiyekuwa nayo aseme hanayo. Na hadi hayo yafanyike, hakimu atakayewekewa mezani ombi la kumpeleka mgonjwa gerezani analo jibu tayari, lilitolewa na Mahakama Kuu tarehe 24 Machi 2016. Alikatae ombi hilo.